Kijiji Kilichochanjwa Chote

Wadogo zangu mliobaki kazini mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukihesabu mifugo kabla ya vishikwambi. Nimekaa hapa Kansay, barazani kwa kaka yangu, nikijaribu, na kila nikianza nakwama palepale: sijui kama tuliwahi kuhesabu. Tulipeleka namba, hilo nina hakika nalo. Zilikwenda kila robo mwaka bila kukosa, hata mwaka ambao gari la ofisi lilikaa juu ya mawe msimu mzima. Nitaeleza tangu mwanzo, huenda nyinyi mkaona kitu ambacho mimi nimeshindwa kukiona.

Nilipangiwa Ngorongoro nikiwa msichana mwenye cheti kipya na mabuti yaliyozidi miguu yangu. Sisi ni Wairaqw, watu wa jembe na ng'ombe wachache, na Kimaasai nilichokijua wakati huo kilikuwa salamu, tena salamu zenyewe nilizichanganya. Lori la mahindi lilinishusha upande wa Endulen, nyuma ya kreta, katika ukungu uliogoma kuondoka mpaka mchana. Mama mmoja aliyekuwa akikamua alinitazama toka kilemba hadi mabuti, kisha akaniuliza kupitia kwa binti yake aliyekuwa amesoma:

"Umekuja kuhesabu au kutibu?"

"Vyote viwili, mama."

"Basi anza na kutibu."

Nilianza na kutibu. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Akonaay, bwana mifugo aliyekuwa pale miaka mingi kabla yangu. Vifaa vyake alivitunza kama wengine wanavyotunza nguo za Jumapili. Kipimajoto chake kilikuwa na uzi mrefu wenye kibanio cha nguo mwishoni. Kibanio unakibana kwenye manyoya ya mkia, kipimajoto kinaingia kinapostahili kuingia. Siku ya kwanza nilipuuza ule uzi. Akanishika mkono.

"Martina, ng'ombe akikimeza kwa huku nyuma, ofisini utaandika kimeharibika au kimepotea?"

Kuhesabu nako kulikuwa na adabu yake. Mzee alinikataza kabisa kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi. Alisema ni sawa na mgeni kuingia kwa baba yangu Kansay na kuuliza ghalani mna magunia mangapi. Atajibiwa, "Tunakula tu, Mungu anasaidia." Badala yake alinipeleka zizini asubuhi, ng'ombe wakiwa wameshatoka, tukaangalia ndama. Ndama hubaki karibu na boma, na hakuna anayeona vibaya kumwonyesha mgeni watoto. Kutokana na ndama unakadiria mama zao, kutokana na mama unakadiria kundi. Kukadiria. Neno hilo Mzee alilisema wazi, na nililiandika wazi kwenye taarifa zangu za kwanza: "takribani". Taarifa zikirudi kutoka mjini zimepigwa chapa, "takribani" haipo.

"Inakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Sijui. Namba ikishapanda gari haishuki tena, na mizigo yake inaachwa njiani."

Jambo jingine nililochelewa kulielewa ni kwamba idadi ya ng'ombe ilitegemea gari lililokuja kuiuliza. Likija gari la dawa, ng'ombe wanaongezeka. Likija gari ambalo watu hawalijui, wanapungua, kwa maana kila mtu pale amewahi kusikia kwamba mifugo imezidi na inatakiwa ipunguzwe. Ukisema wengi, unaogopa utaambiwa uondoe. Ukisema wachache, josho haliji. Sikuwalaumu. Ningekuwa mimi ningeangalia gari kwanza.

Mzee Akonaay alistaafu, nami nikabaki, nikajifunza Kimaasai kwa kuchekwa. Kati ya waliokuwa wakinicheka sana alikuwepo Lemayan, ambaye ndiye hasa ninayetaka kuwasimulia. Ni rika langu. Boma lake liko mbali kuliko yote pale kijijini, ng'ambo ya korongo, na Kiswahili chake ni cha shule ya msingi kilichonolewa na minada. Anaishi na wake zake, watoto, na mama yake mzazi ambaye kila mtu humwita Koko, yaani bibi. Baba yake na baba yangu walikuwa marafiki wa zamani, wa kupelekeana asali na mahindi. Mashamba ya Kansay yalipojaa ngwara na maharage, hata mahali pa kufunga mbuzi pakawa shida, kaka yangu Boay alipeleka ng'ombe wake wakalishwe kwa Lemayan. Watu wengi wa huku wamefanya hivyo.

Ninaomba mlifuate hili taratibu, kwa sababu hata mimi linanizunguka. Mwandikishaji akija Kansay, Boay anaandikisha ng'ombe wake. Ni wake, aseme nini? Mwandikishaji akienda kwa Lemayan, Lemayan anaangalia gari. Wakati mwingine wale ng'ombe ni wa Boay, "hawanihusu." Wakati mwingine ni wake. Kwa hiyo kuna miaka ambapo ng'ombe yuleyule mwenye pembe moja alikuwa raia wa wilaya mbili, na hakuna aliyekuwa amedanganya.

Halafu ukaja ukame mkubwa. Watu wakahamisha mifugo kufuata majani, kila mtu na njia yake, na wakati huohuo timu ya tathmini ikaja. Walikuta mazizi matupu. Wakaandika kwamba sehemu kubwa ya ng'ombe wa kijiji wamekufa. Wengi walikuwa wamekufa kweli, niliiona mizoga kwa macho yangu. Lakini wengi zaidi walikuwa wanakula majani kwingine, na mvua ilipofika wakarudi, wamekonda, wanatembea.

Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, kijana mpole wa Mbulu, tuirekebishe hesabu.

"Daktari," akaniambia (huko bibi mifugo yeyote ni daktari), "ninayo safu ya waliozaliwa, ya walionunuliwa, ya waliouzwa na ya waliokufa. Ya waliofufuka sina."

"Waandike kwenye waliozaliwa."

"Wazaliwe na pembe?"

Tulicheka. Nikapeleka maelezo mjini kwa maandishi, mara moja na mara ya pili. Baadaye vikaja vishikwambi, zikaja hereni za masikioni, nikadhani sasa mambo yatanyooka. Tukapata namba nyingine tu. Kwa kijiji kile kimoja kulikuwa na namba ya mtendaji, namba ya ofisi na namba ya kishikwambi, na hakuna mbili zilizofahamiana. Niliwahi kuuliza kikaoni ipi ni ya kweli. Nikajibiwa kwamba rasmi ni ile ya ofisi. Nilikuwa nimeuliza kitu kingine, lakini watu walikuwa wameshaanza kuchukua soda.

Miaka michache kabla sijastaafu, homa ya mapafu ya ng'ombe ikaingia. Mnaijua. Ng'ombe anasimama viwiko amevitanua, shingo ameinyoosha mbele, anakohoa kikohozi kikavu kama mtu anayevunja kuni. Aliyeambukizwa, chanjo haimsaidii; lazima umtangulie ugonjwa. Nikaomba chanjo haraka, na nawasifu, ilikuja haraka. Ilikuja kwa namba ya ofisi. Yaani ile ya ukame, ambayo ndani yake nusu ya ng'ombe waliokuwa wakinipita mlangoni kila siku walikuwa marehemu.

Nilipofungua masanduku ya barafu nilijua haitatosha. Nikampigia simu Mushi, afisa wa takwimu mjini, aliyetupangia mgao.

"Anza, dada Martina," akasema. "Ikipungua tutaona."

Tukaanza alfajiri pale joshoni. Chanjo ile haitaki jua na haitaki kusubiri. Ukishaichanganya na maji yake baridi unakimbizana nayo, kinachobaki ndani ya chupa kinamwagwa. Vijana walisukuma ng'ombe kwenye kichochoro cha mbao, mimi nachoma, mtendaji anapaka rangi nyekundu mgongoni kwa kila aliyekwisha. Aliyefanya kazi kuliko wote siku ile alikuwa Lemayan. Kundi lake lilikuwa njiani, linatoka ng'ambo ya korongo, naye alitangulia kutusaidia. Alishika pembe, alifunga kamba, alimtoa fahali mmoja aliyelala katikati ya njia na kugoma. Ng'ombe wa wenzake walipita wote mikononi mwake.

Kundi lake lilipofika, sanduku la pili lilikuwa na maji ya barafu tu.

Alichungulia ndani, akanitazama.

"Imeisha?"

"Imeisha. Nitaleta nyingine wiki hii hii, Lemayan."

"Wiki hii."

"Wiki hii."

Akawageuza ng'ombe wake kwa mluzi, wakarudi walikotoka, migongo yao haina rangi.

Nikaandika taarifa: waliochanjwa ni hawa, waliobaki ni wengi, naomba nyongeza. Jibu lilikuja fupi, nami nikalisoma nimesimama, nikalisoma tena nimekaa. Kijiji kile kilikuwa kimechanjwa kwa asilimia mia moja. Hakistahili nyongeza.

Nilipanda gari la wagonjwa lililokuwa linateremka, nikamfuata Mushi ofisini kwake. Si mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Aliniagizia chai na chapati kabla sijasema lolote.

"Ndugu Mushi, kuna ng'ombe wamebaki."

Akageuza kompyuta nione. "Idadi hii hapa. Waliochanjwa hawa hapa. Zinalingana, dada. Tangu nianze kazi hii sijaona kijiji kilicholingana namna hii."

"Zinalingana kwa sababu chanjo mlileta kwa hiyo idadi! Ningechanja wangapi zaidi ya dozi mlizoleta?"

Niliona kwamba amenielewa. Akakuna shavu.

"Nikiandika wapo wengine, nitaulizwa wametoka wapi. Wamenunuliwa? Wameingia kwa magendo kutoka nje?"

"Walikuwepo siku zote."

"Basi namba ya mwaka jana ilikuwa ya uongo, na sahihi iliyopo pale ni yangu. Na ya mwaka juzi ni ya aliyenitangulia, na sasa ni mkubwa wangu." Alisukuma sahani kwangu. "Kula, chapati inapoa. Mimi ninakuamini. Niambie niwaweke wapi."

Sikujua awaweke wapi. Nilikula chapati. Mpaka leo nikikumbuka siku ile sielewi ilikuwaje nikaingia kwa hasira na kutoka nikimwonea huruma.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshateremka, nikafika nyumbani Kansay. Boay alikuwa ametoka kanisani, anacheka peke yake.

"Bibi mifugo wa huku anahangaika," akasema. "Ana chanjo ya mapafu imejaa sanduku, anatafuta ng'ombe wa kuchoma hawaoni. Amepita hata hapa. Nikamwambia, wangu niliwaandikisha kweli, ila wako kwa Lemayan."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikakaa chini kwenye gunia la ngwara.

Chanjo iliyopungua kule ilikuwa imezidi huku. Ng'ombe walewale! Huko juu walikuwa wamekufa kwa ukame, huku Kansay walikuwa hai na wenye afya, na wao wenyewe, ambao hakuna aliyewauliza, walikuwa ng'ambo ya korongo wakisubiri wiki yangu.

Huyo bibi mifugo, mwenzangu wa Karatu, wilaya ya Kansay, aliitwa Veronika, msichana mwenye akili ya haraka. Alimpigia mkubwa wake mbele yangu, akaeleza kila kitu, kwamba chanjo ya wilaya hii ing'oe nanga iende wilaya ile. Mkubwa akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mtandao unasumbua, sijakusikia vizuri," simu ikakatika.

"Amekataa?" nikauliza.

"Mimi naona amekubali," akasema Veronika, akaenda kutafuta barafu kwa wauza samaki.

Tulipanda kwa pikipiki mbili, sanduku limefungwa kwa mpira nyuma ya dereva wangu. Kwenye geti la hifadhi tulisubiri foleni ya magari ya watalii, kila mmoja na kofia yake ya jua ndani ya ukungu. Askari akauliza tuna nini. Nikasema chanjo. Ya nani? Ya ng'ombe wa Kansay. Ng'ombe wa Kansay wako wapi? Nikasema, Endulen. Alinitazama kwa muda, akatazama sanduku, akafungua kizuizi. Nadhani alichoka kabla yangu.

Tulipofika kwa Lemayan nilisikia kikohozi kabla sijashuka. Kuni zinavunjika huku, zinavunjika kule. Wiki niliyoahidi ilikuwa imepita, na nyingine juu yake. Lemayan hakunisalimia kwa ubaya.

"Takwenya, daktari," akanisalimia Koko kutoka mlangoni, akanipa mkono.

"Iko, Koko."

Tulitenga waliokuwa wakikohoa. Waliobaki wakapita, Veronika akichoma, mimi nikisikiliza kifua kimoja kimoja kwa sikio langu mbavuni, kwa sababu kwa wengine sikuwa na hakika ni wazima au bado kidogo tu. Nilipokosa hakika nilichanja. Wengine kati ya hao walipona. Wengine walikufa, na sijui kama walikufa kwa ugonjwa waliokuwa nao au kwa kuchelewa kwangu, na hakuna kipimo kitakachoniambia. Ng'ombe wa pembe moja wa Boay alikufa. Wa Lemayan walikufa wengi. Ilichukua majuma kadhaa, mmoja baada ya mwingine, fisi wakawa wanene hadi wakaacha kulia.

Nilirudi kuandika vifo. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja, idadi. Tulikaa nje ya nyumba ya Koko.

"Wamekufa wangapi?" nikamuuliza Lemayan. Nilijua ni swali baya. Mzee Akonaay alinikataza, lakini wafu hawana ndama wa kukadiria.

Lemayan akataja namba. Koko akamkemea kwa Kimaasai, kisha akanigeukia na kuanza kuwataja mwenyewe, kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao. Yule mweusi mwenye doa kifuani, binti wa yule aliyekuja na mahari. Yule wa kijivu, na mama yake, na bibi yake aliyekuwa na maziwa mengi. Nilihesabu kwa vidole chini ya shuka. Nikapotea.

"Koko, huyo bibi yake naye amekufa mwaka huu?"

"Huyo alikufa zamani, Lemayan hajatahiriwa."

Nikaanza upya. Nikapotea tena kwenye mtamba mmoja aliyekufa na ndama tumboni, maana mama na mwana walianza kubishana kama ni mmoja au ni wawili.

"Alikuwa bado hajazaliwa, Yeyo," Lemayan alimwambia mama yake.

"Nilishamwona miguu!"

Wote wawili wakanitazama mimi, mtu wa serikali, niamue. Nikaandika namba. Sikuipenda, lakini niliiandika kwa moyo safi, nikaweka na barua ya maelezo: chanjo ilitoka Karatu, ng'ombe walichanjwa huku, vifo ni hivi.

Taarifa ya mwaka ilipotoka niliisoma nikisogeza kidole. Ng'ombe tuliowachanja mimi na Veronika waliandikwa Kansay, ambako wengi wao hawakuwahi kukanyaga. Kijiji cha Lemayan kilikuwa na asilimia mia moja yake, na kwenye safu ya vifo vya homa ya mapafu palikuwa na sufuri. Nikampigia Mushi. Akaniambia kwa upole kwamba mfumo wenyewe unakataa. Kijiji kikishachanjwa chote, ukijaza vifo vya ugonjwa huohuo, unakuandikia kwa wekundu kwamba umekosea. "Nilijaribu mara tatu, dada. Haki ya Mungu nilijaribu."

Lemayan alikuwa amesikia kwamba taarifa imetoka, akanitumia mtu: anataka kujua wake wameandikwaje. Ningeweza kujibu kwa simu. Niliona ni lazima niende.

Tulikaa palepale nje, zizi likiwa mbele yetu, kubwa kuliko kundi lililobaki. Nikamweleza Lemayan kwa Kiswahili yote niliyoyaandika hapa, na nilipokuwa nikieleza nilijisikia kama mtu anayesimulia ndoto. Alisikiliza, kichwa ameinamisha.

"Kwa hiyo, wameandika wangapi wamekufa?"

"Hakuna."

"Hakuna walioandikwa?"

"Wameandika hakuna aliyekufa."

Koko akamvuta mwanawe shuka, anataka kujua daktari amesema nini. Lemayan akamtafsiria. Macho ya yule mama yakazunguka zizi polepole, kona kwa kona. Kisha akasema maneno machache, bila hasira, kama mtu anayeulizia habari za safari.

Nilikuwa nimeelewa, ila nilitumaini nimekosea.

"Anauliza," akasema Lemayan, "kama hawakufa, watarudi lini?"